Barua ya wazi kwa wakuu wa Nyanda za Juu Kusini: zipokeeni barua za wazazi wetu

Kwa Makatibu Tawala wa Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe,
Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa,
Kwa wasimamizi wa makumbusho ya Boma, Iringa.

YAH: OMBI LA KUPOKEA NA KUTUNZA BARUA ZA WATU WA KAWAIDA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Kihesa hapa Iringa, mzaliwa wa Mufindi. Kilichonisukuma kuwaandikia ni sanduku la bati. Mama yetu alipofariki na matanga kuisha, dada zangu waligawana vitenge na vyombo, nami nikaachiwa sanduku ambalo hakuna aliyelitaka kwa kuwa lilijaa makaratasi. Lilikaa uvunguni mwa kitanda changu miezi kadhaa kabla sijapata moyo wa kulifungua. Ndani yake nilikuta barua ambazo baba alimwandikia mama, zimefungwa kwa kipande cha kanga, na chini yake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, barua ambazo mama alimwandikia baba, naye akarudi nazo nyumbani kazi ilipokwisha.

Baba alikuwa miongoni mwa maelfu ya vijana walioajiriwa kujenga reli ya Tazara, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kutandazwa hadi mwisho mwaka 1975. Kwa muda mrefu alikuwa katika kambi za kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambacho kila aliyefanya kazi kule hukikumbuka kwa mahandaki, madaraja na matope yake. Habari za reli ile zimeandikwa sana: urefu wake wa kilomita 1,860, mkopo wa China, Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda, Zambia kupata njia ya kupitishia shaba yake. Katika yote niliyowahi kusoma, hata nilipokuwa nikiifundisha darasani, sikuwahi kukuta kwamba kibarua aliyekuwa akichimba mlima kwa ajili ya reli hiyo alikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya ndama mmoja aliyemwacha nyumbani. Baba ameandika habari za ndama huyo katika barua nne mfululizo. Anauliza kama amepona kuhara, anakataza asiuzwe hata kama shemeji atasisitiza, anauliza tena, na mwishoni anaandika kwa penseli, kwenye jani la daftari lililokunjwa mara tatu: "Kuhusu ndama nimeelewa. Usilie. Tutapata mwingine."

Barua ya mama iliyoeleza kifo cha yule ndama haimo sandukuni. Nimeitafuta mara nyingi.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye barua za mama, kwa sababu ndizo zilizonifanya niamini kwamba jambo hili si la familia yangu peke yake. Barua zake za mwanzo hazikuandikwa na yeye. Mama hakujua kusoma, kama walivyokuwa takribani theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii kwa hesabu za sensa ya 1967, hivyo alikwenda kwa katekista, akakaa kwenye kigoda, akasema, naye katekista akaandika. Mwandiko ule ni mzuri kweli, umelala upande mmoja kama majani yaliyopepewa na upepo, na maneno yake ni yale ambayo sote tuliyajua kwa moyo: salaam nyingi, ama baada ya salaam, madhumuni ya barua hii ni kutaka kukujulia hali, sisi huku tu wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yetu. Kila barua inasema nyumbani ni salama.

Kisha ikaja kampeni ya kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mama zetu walikuwa wakitoka shambani jioni na kwenda kuketi kwenye madawati tuliyoyaacha sisi watoto wao mchana. Mama alijiandikisha. Mwaka 1973, kwa tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi kwa tarakimu kubwa zinazopanda mlima, mwandiko wa katekista unatoweka na unaanza mwandiko mwingine. Herufi zimebonyezwa kwa nguvu hadi unaweza kuzisoma kwa kidole upande wa nyuma. Maneno yameungana mahali yasipopaswa kuungana. Barua yenyewe ni fupi, nami nainukuu kama ilivyo:

"Mumewangu balua hii naandika mimi mwenyewe si katekista. Watoto wazima. Mahindi yaliisha tangu mwezi wapili niliona haya kukuambia kwa mdomo wa mtu. Mguu wa mtoto huu hapa umpimie viatu."

Na mguu upo. Chini ya maneno hayo mama alinisimamisha juu ya karatasi, nikiwa na miaka minane, akazungusha penseli kuufuata wayo wangu, na mstari umeruka karibu na kidole gumba kwa sababu nilitekenyeka. Viatu vilikuja baada ya miezi mingi, vikanibana, maana mguu haukuisubiri barua. Lakini tazameni, waheshimiwa, yaliyomo katika mistari ile michache. Kwa miaka miwili na zaidi barua za katekista zilisema nyumbani ni salama, na siku ya kwanza mama aliposhika kalamu mwenyewe alisema kuna njaa. Hakuna ripoti ya elimu ya watu wazima ambayo ingenieleza manufaa ya kisomo kama barua ile ilivyonieleza. Takwimu za serikali za mwaka 1986 zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua hadi chini ya mmoja kwa kila watu wazima kumi; ni hesabu kubwa na ya kujivunia, na ndani yake yumo mwanamke mmoja wa Mufindi ambaye hakuhitaji tena kuona haya mbele ya katekista.

Tena lipo neno "balua". Mama aliandika alivyosema, na alisema Kiswahili kwa ulimi wa Kihehe, ambao humfanya mwenyeji wa kwetu aweke "l" pale kitabu kinapotaka "r". Mhariri yeyote angelisahihisha. Mimi mwenyewe, kwa miaka karibu arobaini ya ualimu, nimepiga wino mwekundu juu ya neno hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Leo namshukuru Mungu kwamba hakuna mwalimu aliyeigusa barua ile, kwa kuwa ninapoisoma ninamsikia akisema. Anayetaka kujua Kiswahili kilisemwaje Mufindi, Ileje au Makete nusu karne iliyopita hatakikuta kwenye magazeti ya wakati ule, ambayo yalihaririwa yote yafanane. Atakikuta kwenye barua za watu ambao hawakuhaririwa na mtu.

Wahenga walisema kuandikiana ni nusu ya kuonana, na watu wa nyanda hizi walikuwa na sababu kubwa ya kuitafuta nusu hiyo. Huku ndiko watu walikotoka kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakikusanywa tangu 1944 na ile ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa Silabu. Wengine walivuka mipaka na Wenela, wakala wa kuajiri vibarua wa migodini, kwenda migodi ya Afrika Kusini, wengine wakaingia dhahabu ya Lupa, Chunya, na wengine wakaishia kwenye chai ya hapa hapa Mufindi na Rungwe. Neno lenyewe "kibarua", ambalo leo linamaanisha mtu wa kazi ya kutwa, limetokana na ile barua ndogo, kile cheti cha kuhesabia siku za kazi. Kila mmoja wa watu hao aliacha nyuma yake mtu wa kumwandikia. Nikiwa darasa la nne nilikuwa msomaji wa barua wa mtaa wetu, na bibi mmoja jirani, ambaye mwanawe alikuwa kwenye katani, alikuwa akinisomesha barua moja hadi mara sita kwa wiki. Hakutaka habari za kazi wala za fedha. Alitaka nirudie pale palipoandikwa "mama, ile shuka bado ninayo." Alipozikwa, nilisikia kwamba barua zile zilitumika kuwashia moto jikoni wakati wa matanga, bila nia mbaya ya mtu yeyote, kuni zilikuwa mbichi.

Hilo ni la majumbani, na majumbani hakuna wa kulaumiwa. La pili nililolishuhudia linazihusu ofisi, na ndilo lililonifanya nisiweze kunyamaza. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ya umma katika nyanda hizi, ambayo sitaitaja, ilihamia jengo jipya. Nilipita nyuma ya jengo la zamani nikiwa na shughuli zangu nikakuta shimo linawaka. Waliokuwa wakichoma walikuwa vijana wawili wapole, walionisalimu vizuri na kuniambia ni takataka za masijala. Upepo uliinua karatasi moja, nikaiokota. Ilikuwa barua ya mjane, kwa wino wa buluu uliofifia, akiomba asinyang'anywe shamba la kahawa alilolima na marehemu mumewe, na mistari minne ya kwanza ilikuwa salamu, kwa sababu hata aliyekuwa anaporwa hakuweza kuanza bila salamu. Sikuisoma yote. Kijana mmoja alinyoosha mkono kwa adabu nikampa, naye akairudisha motoni. Najuta hadi leo kwamba nilimpa.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, hairuhusu jambo lile. Kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa sababu tu kabati limejaa au ofisi inahama. Lazima kwanza zipitiwe, na Mkurugenzi wa Idara atoe idhini. Kwa hiyo, kwa upande huu, siwaombeni sheria mpya. Ninawaomba Makatibu Tawala mtoe waraka mmoja kwa kila halmashauri, kata na idara iliyo chini yenu, kukumbusha kwamba barua ya mwananchi iliyo ndani ya faili ni kumbukumbu ya umma kama ulivyo muhtasari wa kikao, na kwamba shimo la moto si sehemu ya masijala. Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa mikoa mingi. Njombe ilizaliwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, na kila mkoa unapogawanyika mafaili hugawanywa, hupakiwa kwenye malori, hushushwa kwenye majengo yasiyo na rafu za kutosha, na yale yasiyo na mwenyewe ndiyo hutangulia kuitwa takataka.

Upande wa barua za majumbani ndio usio na mlango kabisa. Mzee wa Tukuyu mwenye bahasha za mwaka 1958 akitaka kuziweka mahali salama leo, aende wapi? Makao ya Nyaraka za Taifa yako mbali naye, na hata akifika hajui kama karatasi zake zitaonekana ni kitu. Ombi langu kwenu ni kwamba yawepo mapokezi mawili ya kuanzia, moja Iringa na jingine Mbeya. Kwa Iringa mahali panajulikana: Boma, lile jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, tayari linatunza vyungu, mikuki na picha, na watoto wa shule hupelekwa pale kila mara. Chumba kimoja chenye rafu, meza pana, na mtumishi mmoja aliyesomea utunzaji wa kumbukumbu kinatosha kwa kuanzia. Kwa Mbeya mnao Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya huko, ambako vijana husomea kazi hiyo hiyo na kutafuta pa kufanyia mazoezi kwa vitendo. Wapeni barua za wazee wao wazifanyie mazoezi.

Najua hoja itakayokuja kwanza ni fedha, na sitaipuuza, kwa maana nimekuwa mwalimu mkuu na ninajua bajeti inavyokuwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji familia iachane na barua zake. Mwenye barua anakuja nayo, inapigwa picha kwenye meza karibu na dirisha, pande zote mbili pamoja na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta mara nyingi ndio unaobeba tarehe na mahali, kisha anarudi nayo nyumbani akiwa amefundishwa namna ya kuitunza. Mafunzo yenyewe ni ya nusu saa. Aondoe pini na stepla, maana kutu hula karatasi. Asigundishe palipochanika kwa gundi ya utepe, ambayo baada ya miaka hugeuka kahawia na kuondoka na maneno. Asiipeleke kuwekwa plastiki ya moto stesheneri, kosa ambalo nimeona watu wenye upendo mwingi wakilifanya. Ainyooshe mikunjo, aiweke kwenye bahasha ya karatasi safi ndani ya boksi, mbali na ukuta na sakafu, na kama anataka kuandika jina la mwandishi, aandike nyuma kwa penseli.

Hali ya hewa yetu yenyewe inatukimbiza. Rungwe ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, Njombe na Makete ukungu huingia mpaka ndani ya kabati, na karatasi ya daftari, ambayo ni ya bei ya chini na ina asidi, hugeuka manjano, kisha ikavunjika kama jani la tumbaku. Sanduku la mama lilipona kwa sababu lilikaa darini juu ya jiko, moshi ukifukuza wadudu na kukausha unyevu. Barua zote zinanuka moshi hadi leo. Siku hizi tunajenga nyumba za bati na gipsamu, tunapikia gesi, na dari ile haipo tena. Na kuhusu barua za sasa za simu nitasema kwa ufupi tu, kwa kuwa si wakati wa kuzilalamikia: nimebadili simu mara tano tangu nianze kuzitumia, na meseji zote za mama wa miaka yake ya mwisho zilipotea na simu ya tatu.

Huenda mmoja wenu akajiuliza kama kweli vikaratasi vya watu wasiojulikana vina thamani ya kushughulikiwa na ofisi ya mkoa. Naomba nimkumbushe kwamba maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili tunayoyafahamu ni barua, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na ili kuziona lazima uende Goa, India, kwa kuwa waliozitunza si sisi. Huko Novgorod, nchini Urusi, tangu 1951 wachimbuaji wamefukua zaidi ya barua elfu moja zilizokwaruzwa juu ya magome ya miti na watu wa kawaida wa zama za kati: madeni, posa, maagizo ya nyumbani. Miongoni mwake yapo mazoezi ya mtoto aitwaye Onfim, aliyeishi karne ya 13, ambaye alichoka kuandika alfabeti akajichora amepanda farasi. Leo Warusi wanamjua Onfim kwa jina. Magome yale yalipona kwa sababu udongo wa kule una maji yasiyo na hewa, na penye unyevu bila hewa vitu haviozi. Makabati yetu yana unyevu na hewa kwa pamoja. Hatuna udongo wa kututunzia.

Lipo jambo moja ninalotaka lilindwe kwa nguvu zote, nalo ni siri. Barua hizi ziliandikiwa mtu mmoja. Ndani yake mna ugoni, magonjwa, deni lisilolipwa, mtoto ambaye ukoo haukuambiwa baba yake. Karatasi ni mali ya aliyeipokea, lakini maneno ni ya aliyeyaandika, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetukumbusha kwamba habari za mtu si za kuanikwa. Kwa hiyo kila familia ipewe fomu rahisi, ya Kiswahili kinachoeleweka, iseme yenyewe barua zipi zisomwe na yeyote, zipi zifungwe kwa miaka mingapi, na zipi majina yake yafichwe. Zipo mbili katika sanduku la mama ambazo mimi na dada zangu tumekubaliana zisifunguliwe hadi sote watatu tuwe tumeondoka.

Na atakayenakili maneno ya barua hizi ili yasomeke kwa urahisi, naomba apewe amri ya maandishi kwamba asisahihishe chochote. "Balua" ibaki "balua", na "mumewangu" ibaki neno moja.

Niko tayari kujitolea siku mbili kwa wiki, bila malipo, kuwasomea wasiosoma na kuwaandikia maelezo wenye barua, na wapo walimu wastaafu wenzangu wawili wa hapa Kihesa walioniambia watakuja. Sanduku nitalileta mwenyewe kuwa la kwanza. Nitaomba tu jani lile lenye mguu lipigwe picha nikiwepo, nalo nirudi nalo jioni ile ile.

Nasubiri majibu yenu, na kama itawezekana, yawe kwa barua.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa.